Asilimia Mbili

Alifika Patiko Jumanne, kwa bodaboda kutoka Gulu,
vumbi limempaka nyusi rangi ya tofali,
mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne
kama barua ya deni.
Jina lake Jandira, kwao Resife, Brazili.
Kiswahili alijifunza mwaka mzima
akidhani huku kwetu kila mtu anakisema.
Bahati yake alinikuta mimi, Obwona, mtoto wa sajini,
niliyekinywa kambini
pamoja na uji wa mahindi na matusi.

Nilimpandisha mwambani.
Nikamwonyesha upenyo mwembamba kati ya mawe,
pango ambamo watu walipangwa kama magunia ya mtama,
na zile alama, za shoka wanasema wazee,
ambazo mvua zote hizi hazijazifuta.
Akapiga magoti. Akalaza shavu juu ya jiwe.
Akauliza bila kuinuka:
"Walinitoa hapa?"

Walinitoa. Ndivyo alivyosema. Sikumsahihisha.

Mgeni akilia hapa, bahashishi hunenepa.
Nami nina karo ya mtoto, nina bati linalovuja.
Neno "ndiyo" ni jepesi mdomoni,
lingemrudisha kwao ameshiba.

Nikaomba ile karatasi.
Kongo na Angola, asilimia arobaini na moja.
Ghuba ya Benini, kumi na tisa.
Senegambia, saba.
Ureno, nyingi kuliko alivyopenda; hapo aliweka kidole gumba.
Na chini kabisa, kwa herufi za kuviziwa:
Afrika Mashariki, mbili.

Kwa hizo mbili alivuka bahari.

Tukashuka. Nikavunja kijiti, nikachora bara zima vumbini.
"Luanda hapa. Wengi wenu mlipitia hapa.
Wida hapa. Mto Gambia, huu.
Hizo mbili, kama mashine haikukosea,
pengine ni za Msumbiji:
kuna meli zilizobeba Wamakua
zikaizunguka rasi ya kusini hadi kwenu.
Sisi tuko huku, ndani, mbali na chumvi.
Bahari yako haikutujua.
Waliotujia walitoka Khartumu, na bunduki, na shanga.
Walitaka pembe. Pembe ikataka mabega.
Mabega yalipofika sokoni, nayo yakauzwa.
Mto ule unaitwa Unyama.
Kwa Kiacholi ni jina la mto tu.
Wewe uliyesoma Kiswahili, fikiri mwenyewe.
Maji yake huenda kaskazini."

Alikunja karatasi, mara moja, mara mbili.
Nilingoja adai fedha zake.
Akasema: "Na kwenu? Nani alichukuliwa?"

Miaka kumi na minne naongoza wageni juu ya jiwe hili.
Wameniuliza choo kiko wapi,
wameniuliza kama kuna nyoka.

Lakot, nikasema, na sauti ikanitoka ndogo.
Dada wa babu wa babu yangu.
Alizaliwa mvua ikinyesha, jina lenyewe ndilo hilo.
Alikwenda mtoni na kibuyu.
Kibuyu kilionekana.
Mama yake alikitundika juu ya mlango, mdomo chini,
kisipate kushika maji ya mtu mwingine.

Kutoka Khartumu hajaja mtu na karatasi.
Wala kutoka Kairo.
Labda wapo huko, vitukuu vyake,
wana asilimia mbili zao
na hakuna anayetaka kuzihesabu mezani.
Labda mmoja wao huamka mvua ikigonga
akafurahi, asijue kwa nini.

"Lakoti," alisema Jandira,
akamwongezea irabu ya kwao, kama shuka.
Sikumsahihisha hapo pia.

Alilipa bei ya kibaoni, hakuzidisha hata shilingi.
Lakini alipokwenda kupanda bodaboda
aliizunguka ile ramani yangu yote,
kutoka Luanda hadi kwenye Nili, kwa ncha za vidole,
asiikanyage.

Kuku wa jirani hawakuwa na adabu hiyo.